Analipa nusu ya kodi kwa sababu ukuta unalowa: nimwondoe?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mjane, na nina nyumba sita za kupangisha katika kiwanja kimoja. Marehemu mume wangu alizijenga kidogo kidogo kwa miaka mingi, na ndiye aliyekuwa akizisimamia. Tangu alipofariki kazi hiyo imeniangukia mimi, nami naitegemea kodi ya nyumba hizo kwa matumizi ya kila siku, dawa na ada ya mjukuu ninayemlea. Ninakuandikia kwa sababu mambo matatu yamenikuta kwa wakati mmoja, na kila ninayemwomba ushauri ananipa jibu linalopingana na la mwenzake.

Jambo la kwanza, ambalo ndilo linaloninyima usingizi, ni mpangaji wa nyumba namba nne. Ana mke na watoto wawili, amekaa kwangu miaka kadhaa, na zamani alikuwa mlipaji mzuri. Kwa miezi minne sasa analeta nusu ya kodi tu. Nikimwuliza ananijibu kwa adabu kwamba ukuta wa chumba wanacholala watoto unalowa na umeota kuvu, watoto wanakohoa na imebidi wahamie sebuleni, na kwamba atalipa kodi kamili siku ukuta utakapokauka. Ukuta huo, ambao upande wa pili una bafu la nyumba namba tano, nimeupaka rangi mara mbili kwa gharama yangu, na kila mara kuvu hurudi. Msimamizi wangu anasema familia ile haifungui madirisha na huanika nguo ndani, kwa hiyo unyevu wameuleta wenyewe. Kijana wangu ananihimiza nibadilishe kufuli siku ambayo hawapo, au niwafungie maji mpaka waondoke kwa hiari yao.

Jambo la pili ni maji. Nyumba zote sita zinatumia mita moja, na bili tunaigawa kwa sita. Mpangaji wa namba moja, ambaye anaishi peke yake, amekuwa akilalamika kwamba anawalipia wenye watoto. Bili yenyewe imekuwa ikipanda kwa miezi kadhaa, na ya mwezi uliopita imefika karibu mara mbili ya kawaida, wala hakuna anayekubali kwamba ameongeza matumizi. Wapangaji wawili wamekataa kutoa sehemu yao, ikanibidi niijazie mimi.

Jambo la tatu ni amana. Mpangaji wa namba sita amehama na anadai arudishiwe amana yake yote. Msimamizi anasema ameacha sinki limepasuka, matundu ya misumari ukutani na rangi iliyofifia. Mwenyewe anasema sinki alilikuta hivyo hivyo. Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo, kama ya wapangaji wengine wote, kwa sababu marehemu alikuwa akiwaamini watu. Amana yenyewe ilishatumika kutengeneza paa. Kodi zote hukusanywa na msimamizi kwa fedha taslimu, kisha huniletea.

Kijana wangu anasema dawa ya yote haya ni kumtoa wa namba nne na kupandisha kodi ya nyumba zote kwa asilimia 10. Je, nimfuate? Naomba unijibu bila kunibembeleza.

Mama wa Nyumba Sita (jina limehifadhiwa)

JIBU

Mama, pole kwa kuondokewa na mwenzio, na pole kwa mzigo uliobaki mikononi mwako.

Umeomba nisikubembeleze, basi naanza na kufuli. Kijana wako mshukuru kwa kukujali, lakini ushauri huo usiufuate. Katika nchi nyingi sheria inamkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa kubadilisha kufuli, kukata maji au umeme, kung'oa mlango au kutoa vyombo nje bila amri ya mahakama au baraza linalohusika, hata kama mpangaji huyo anadaiwa kodi ya mwaka mzima. Ukifanya hivyo, mtu ambaye leo ni mdaiwa wako kesho atakuwa mdai wako, na hakuna atakayekuuliza tena habari za kodi wakati watoto wamelala nje.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Umeyaandika mambo matatu, lakini nilipoirudia barua yako nilianza kushuku kwamba mawili ya kwanza ni jambo moja. Una ukuta unaolowa bila kukauka, upande wa pili wa ukuta huo kuna bafu, na katika miezi hiyo hiyo bili ya maji imekuwa ikipanda bila mtu kuongeza matumizi. Kabla hujamhukumu mpangaji yeyote, hakikisha kwamba hakuna bomba lililopasuka ndani ya ukuta.

Kupima si kazi ngumu. Kubalianeni na wapangaji wote saa moja ambayo hakuna atakayefungua koki, na usiku ndio wakati mzuri zaidi. Kama kuna matangi juu ya paa, hakikisheni kwanza kwamba yamejaa, kwa kuwa tangi linaloendelea kujaa litaizungusha mita na kuwapotosha. Zipige picha kwa simu tarakimu zote za mita, pamoja na zile za mwisho ambazo mara nyingi huwa na rangi nyekundu, kisha rudi baada ya saa hiyo kwisha. Zikiwa zimesogea ilhali koki zote zimefungwa, kuna maji yanayopotea. Hata hivyo, kabla ya kumwita fundi abomoe ukuta, kagua vyoo vyote sita: tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi la kila choo, kisivutwe, na baada ya nusu saa tazama bakuli. Rangi ikiwa imeteremka humo, mpira wa ndani ya tangi hauzibi sawasawa, na choo kimoja cha namna hiyo kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila tone moja kuonekana sakafuni. Hiyo ni hitilafu ya kurekebishwa kwa gharama ndogo, na huenda peke yake ikaeleza bili yote.

Mita isiposogea, ukuta haujasafika bado. Mita husoma maji yanayoingia tu. Bomba linalotoa maji machafu ya bafu likivuja, au vigae vya bafu vikiachia maji yakapenya, mita haitakuambia lolote. Katika hali hiyo angalia kama ukuta unalowa zaidi baada ya wale wa namba tano kuoga, na unapata nafuu wanaposafiri. Ukilowa zaidi baada ya mvua, tafuta chanzo juu, kwenye paa na mifereji. Na kama unyevu umeanzia sakafuni na kupanda hadi kama mita moja hivi, ukiacha alama ya chumvichumvi juu yake, basi huenda unatoka ardhini.

Dai la msimamizi wako pia lisipuuzwe, kwa sababu ni kweli kwamba familia ya watu wanne hutoa mvuke wa lita kadhaa kwa siku kwa kupumua, kuoga na kupika, na mvuke huo ukikosa pa kutokea hugeuka maji kwenye ukuta ulio baridi. Lakini dai hilo hupimwa, halisemwi tu. Chukua kipande cha karatasi ya alumini, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi ukiziba kingo zote, ukiache siku moja au mbili. Kikilowa upande unaotazama chumba, unyevu unatoka hewani, na hapo mtagawana kazi: wewe uweke matundu ya hewa au urekebishe madirisha, wao waanike nguo nje na kusogeza kabati mbali na ukuta. Kikilowa upande uliogusa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta, na madirisha yakikaa wazi mwaka mzima hayatayaondoa. Jaribio hilo lifanye mpangaji akiwepo, ili jibu litakalopatikana lisiwe lako wala lake.

Na tafadhali usipake rangi mara ya tatu. Rangi juu ya ukuta uliolowa hubanduka, na kuvu huendelea chini yake. Chanzo kizibwe kwanza, plasta iliyooza ibanduliwe, kisha ukuta uachwe ukauke, jambo ambalo huchukua wiki kadhaa na kwa ukuta mnene hata miezi; rangi ndiyo ya mwisho. Najua mafundi wengi hupenda kuanzia hapo, kwa kuwa ni kazi ya siku moja na malipo hutoka jioni.

Suala la deni sasa. Mpangaji kujikatia kodi kwa uamuzi wake mwenyewe ni jambo ambalo sheria za mahali pengi haziliruhusu, au huliruhusu kwa masharti tu, kwa hiyo usidhani kwamba ana haki yote. Lakini sheria hizo hizo kwa kawaida humtaka mwenye nyumba kuifanya nyumba ikalike, na ukimpeleka mbele ya baraza huku chumba cha watoto kina kuvu, swali la kwanza utakaloulizwa ni lini ulipewa taarifa na ulifanya nini. Rangi mara mbili si jibu baya, ila halitoshi. Mtu aliyelipa vizuri kwa miaka, anayekuletea nusu kila mwezi badala ya kukukimbia na anayejibu kwa adabu, kwangu mimi ni mpangaji wa kubaki naye.

Tuhesabu. Miezi minne ya nusu kodi ni deni la kodi ya miezi miwili. Chukulia kwamba mmekubaliana chumba kilichokosa matumizi kina thamani ya robo ya kodi: robo kwa miezi minne ni kodi ya mwezi mmoja, ambayo utaifuta. Inabaki ya mwezi mmoja, ambayo akiilipa kwa miezi sita ataongeza sehemu moja ya sita juu ya kodi ya kila mwezi. Makadirio ya robo ni yangu, ninyi mnaweza kukubaliana vingine. Ninachosisitiza ni kwamba matengenezo yawe na tarehe na deni liwe na tarakimu, kila moja kwa maandishi. Barua yenyewe inaweza kuwa fupi hivi:

"Kwa mpangaji wa nyumba namba nne. Nimepokea malalamiko yako kuhusu ukuta wa chumba cha watoto. Fundi atafika tarehe … saa … kukagua ukuta huo pamoja na bafu la nyumba namba tano. Tafadhali nijulishe kama muda huo haukufai. Kuanzia mwezi … hadi mwezi … umelipa nusu ya kodi, na salio ni …. Napendekeza tukubaliane punguzo kwa muda ambao chumba hakikutumika, na kiasi kitakachobaki ukilipe kwa awamu pamoja na kodi ya kila mwezi. Naomba jibu lako la maandishi kabla ya tarehe …."

Weka nakala yenye saini yake au ya shahidi. Namba tano nao wapewe taarifa yao angalau saa 24 kabla ya fundi kuingia, kwani nyumba ni yako lakini makazi ni yao. Matengenezo yakikamilika na yeye akaendelea kulipa nusu, hapo utakuwa na haki ya kumpa ilani ya kuhama kwa mujibu wa sheria ya mahali ulipo, na mwanasheria au ofisi inayoshughulikia upangaji itakueleza ilani hiyo ni ya muda gani. Waulize pia kuhusu kupokea malipo pungufu, maana pengine kuyapokea baada ya kutoa ilani hutafsiriwa kuwa umeifuta.

Kuhusu mgawo wa maji, wa namba moja ana hoja. Suluhisho la kudumu ni mita ndogo kwa kila nyumba, kazi ambayo fundi bomba anaweza kuifanya bila kugusa mita kuu. Wakati unajipanga, gawa kwa vichwa badala ya milango. Kama nyumba zako zina watu 1, 2, 4, 4, 5 na 4, jumla ni watu 20, na anayeishi peke yake atalipa sehemu moja ya ishirini ya bili badala ya moja ya sita anayolipa leo. Ila maji yaliyopotea kwa bomba bovu si ya wapangaji. Ikithibitika kwamba palikuwa na mvujo, ziada iliyo juu ya bili ya kawaida ibebe wewe, na wale wawili waliokataa uwarekebishie hesabu. Peleka pia risiti ya fundi kwa mamlaka ya maji, kwa sababu baadhi yake hupunguza bili iliyotokana na mvujo uliofichika.

Amana, Mama, irudishe. Fedha hiyo si kodi. Ni mali ya mpangaji iliyo chini ya ulinzi wako mpaka uthibitishe kwamba ameharibu kitu, na wewe huna karatasi wala picha inayoonyesha sinki lilikuwaje siku alipoingia. Rangi kufifia na matundu machache ya misumari kwa kawaida huhesabiwa kuwa uchakavu wa kukaa, ambao kodi imeshaulipia. Sinki ni uharibifu kweli, lakini hata angekiri, usingemdai bei ya sinki jipya ikiwa la zamani lilikuwa limetumika miaka kumi. Ungemdai thamani iliyokuwa imebaki. Kwa kuwa amana imeshaingia kwenye paa, mwandikie leo tarehe utakayomlipa, au tarehe mbili ukigawa, na uzitimize. Amana zitakazofuata ziwe na akaunti yake isiyoguswa. Mpangaji mpya anapoingia, zungukeni naye chumba kwa chumba kabla hajaleta vyombo, mpige picha sinki, koki, vioo, makufuli na kuta, mwandike mlichokiona na wote wawili mtie saini. Siku ya kuhama mtarudia mzunguko ule ule mkiwa na karatasi ile ile.

Kuna mtu mmoja ambaye hukumlalamikia, nami simtuhumu, lakini nimemwona zaidi ya mara moja katika barua yako. Msimamizi ndiye anayesema wa namba nne hawafungui madirisha, ndiye shahidi wa sinki, na ndiye anayepokea fedha taslimu. Si haki kwake wala kwako kwamba mtu mmoja akusanye, aripoti na ashuhudie. Kodi ilipwe moja kwa moja benki au kwa simu katika akaunti yenye jina lako, mpangaji akitaja namba ya nyumba na mwezi anaoulipia, na wewe umpe risiti. Malipo yakiwa pungufu, risiti iseme "sehemu ya kodi ya mwezi fulani" na itaje salio. Msimamizi abaki na usafi, ulinzi na kukupa taarifa za uharibifu. Kama ni mwaminifu atashukuru kuondolewa mzigo wa fedha.

Mikataba ya maandishi iwe kwa nyumba zote, si kwa namba nne pekee, la sivyo ataiona kama adhabu. Kurasa mbili zinatosha: majina, kodi na tarehe ya kuilipa, amana na masharti ya kuirudisha, mgawo wa maji, nani anatengeneza nini, namna ya kutoa taarifa ya uharibifu, muda wa ilani kwa kila upande, na utaratibu wa kupandisha kodi.

Kupandisha kodi kwa asilimia 10 sikukatazi, ila hesabu ya kijana wako imesahau nyumba tupu. Nyumba ikikaa bila mtu mwezi mmoja tu umepoteza zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka. Ukipandisha kwa asilimia 10, mpangaji akaondoka, na ukampata mwingine baada ya mwezi, miezi 11 kwa kodi mpya inakupa sawa na miezi 12.1 ya kodi ya zamani, faida ambayo rangi ya kumwandalia mgeni itaimeza. Ikikaa tupu miezi miwili, utapata sawa na miezi 11, yaani umepandisha kodi ukapata hasara. Na kwa namba nne, kumtoa mpangaji na kumtafuta mwingine hakutaukausha ukuta. Atakayekuja ataukuta pale pale, na huenda asiwe na adabu ya huyu.

Huku ukisubiri, tenga sehemu ya kodi ya kila mwezi, tuseme moja ya kumi, kwa matengenezo peke yake, ili paa litakapovuja tena lisidai amana ya mtu. Kodi uipandishe ukuta ukiwa umekauka na mikataba ikiwa imetiwa saini, kwa ilani ya maandishi yenye muda unaotakiwa kisheria, baada ya kulinganisha na nyumba za aina hiyo zilizo jirani. Namba sita ambayo sasa iko tupu inaweza kuanza na kodi mpya mara moja, lakini badilisha sinki kwanza.